Uchumi wa njia ya misafara ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu unahusu njia ya kati, ile iliyounganisha pwani ya Mrima na Ziwa Tanganyika katika karne ya 19. Njia za Kilwa, Pangani na Mombasa zinatajwa pale tu zinapokutana na habari hii.

Njia ilipita wapi hasa?

Bagamoyo, bonde la mto Kingani (Ruvu), kisha Ukutu, au baadaye Simbamwene palipo Morogoro ya leo. Milima ya Usagara, Mpwapwa, nyika ya Marenga Mkali, Ugogo, pori la Mgunda Mkali, halafu Unyanyembe, yaani Tabora. Hapo njia iligawanyika: tawi moja lilipita Uvinza na mto Malagarasi hadi Ujiji, jingine likaenda Karagwe na Buganda, la tatu likaelekea Ufipa na Katanga. Bagamoyo hadi Ujiji ni kilomita 1,200 na ushei kwa miguu.

Usiwazie barabara. Yalikuwa mapito ya mtu mmoja nyuma ya mwenzake, na yalihama kisima kilipokauka, kijiji kilipohamishwa au mtemi alipopandisha hongo, yaani ushuru wa kupita. Ramani inayochora mstari mmoja mnene inaficha jambo kubwa: karibu kila mahali msafara ungeweza kuzunguka, isipokuwa penye shida ya maji. Na hapo penye shida ya maji ndipo ushuru ulipokuwa mkubwa.

Ni Waarabu walioianzisha?

Hapana. Wanyamwezi na Wasumbwa walikuwa wakisafiri kwa biashara kabla mfanyabiashara yeyote wa Pwani hajaiona Tabora. Chumvi ya Uvinza, inayochemshwa kutokana na maji ya chemchemi za karibu na mto Malagarasi, imetengenezwa kwa zaidi ya miaka 1,000. Majembe ya chuma ya Usumbwa na Uha, shaba ya Katanga, ng'ombe, nafaka na ngozi vilizunguka katika masoko ya bara. Wanyamwezi walianza kufikisha pembe Pwani karibu na mwaka 1800. Wafanyabiashara wa Unguja na Mrima wakafuata njia hizo hizo kwenda juu, na makao yao ya Kazeh, Tabora, yakasimama mnamo 1852.

Walichoongeza watu wa Pwani ni mtaji, yaani mkopo mkubwa kutoka Unguja na bidhaa za viwandani kwa wingi. Njia yenyewe waliikuta.

Mzigo mmoja ulikuwa na uzito gani, na kwa nini kila anayeandika habari hizi anautaja?

Kawaida ilikuwa frasila mbili. Frasila moja ni ratili 35, kwa hiyo mzigo ni ratili 70, karibu kilo 32. Juu yake mpagazi alibeba mkeka, sufuria au chungu, silaha na chakula chake mwenyewe.

Uzito huo ndio uliopanga uchumi wote. Posho ya kawaida ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, karibu gramu 700. Piga hesabu: mtu aliyebeba kilo 32 za mtama anaumaliza mzigo wote kwa siku 45 hivi. Akitaka kurudi alikotoka bila kununua chakula, mwisho wake ni mwendo wa siku 22 au 23, naye anafika hana hata kibaba cha kuuza. Tabora ilikuwa mwendo wa miezi mitatu au zaidi. Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke waliondoka Kaole, karibu na Bagamoyo, Juni 1857 wakafika Kazeh tarehe 7 Novemba, siku 134. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley, aliyekuwa na haraka, alitumia karibu miezi mitatu mwaka 1871.

Kwa hiyo nafaka, mbao, vyungu na hata chumvi havikuweza kuvuka nchi nzima. Viliuzwa mwendo wa siku chache, kituo kwa kituo. Kilichoweza kulipa gharama za miezi mitatu ni kitu chenye thamani kubwa katika kilo chache: pembe za ndovu kwenda Pwani, nguo, shanga, nyaya, bunduki na baruti kwenda bara. Ukisikia kwamba njia hii "iliunganisha soko la Afrika Mashariki", uliza kwanza ni soko la bidhaa gani. La pembe na nguo, ndiyo. La chakula halikuunganishwa mpaka reli.

Kwa nini hawakutumia punda, ng'ombe au mikokoteni?

Kwa sababu ya mbung'o. Mnyama wa mizigo aliyepita mapori ya chini kati ya Pwani na Mpwapwa aliugua nagana, na wengi walikufa ndani ya wiki chache. Punda walijaribiwa mara kwa mara. Wachache walifika Tabora, lakini hakuna aliyeweza kuwategemea kibiashara. Mwaka 1876 na 1877 Wamisionari wa London, wakiongozwa na Roger Price, walijaribu magari ya kukokotwa na ng'ombe kuelekea Mpwapwa, na ng'ombe wakafa. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Ubelgiji aligharimia tembo wanne waliofunzwa kutoka India, wakashushwa Msasani. Nao walikufa, na mradi ukafa pamoja nao.

Tofauti na Sahara inaonekana hapa. Ngamia mmoja hubeba kilo 150 au zaidi na hula majani ya njiani, ndiyo maana mabamba ya chumvi ya Taghaza na Taoudenni yaliweza kusafirishwa jangwani kwa faida. Mpagazi hubeba sehemu ndogo ya hapo na chakula chake lazima kinunuliwe.

Vipimo vya nguo vilikuwaje? Shuka, doti na jora vinachanganya.

Shuka ni mikono minne, karibu yadi 2. Doti ni shuka mbili, yadi 4, nguo ya mtu mzima mmoja. Jora ni kipande kizima kama kilivyotoka kiwandani, doti 7 na nusu hadi 11 kulingana na aina. Majora yalikunjwa, yakapigwa kwa magogo hadi yakabanana, yakafungwa kwa mkeka na kamba kuwa mtumba mmoja mrefu wa frasila mbili. Kufunga vibaya kulikuwa hasara ya hakika: mtumba uliolegea hukaa vibaya begani, huingiza maji mtoni, na nguo iliyopata ukungu ilikataliwa Ugogo au ilipokewa kwa nusu ya thamani.

Aina zilizotajwa sana ni merikani (pamba nyeupe isiyopaushwa kutoka Marekani), kaniki (nguo ya buluu iliyoiva kutoka India), na nguo za rangi zenye majina mengi ambazo watemi walidai kama heshima yao. Kwenda bara bila nguo za watemi, ukiwa na merikani tupu, kulikuwa kosa la anayesafiri mara ya kwanza.

Ilihitajika nguo kiasi gani kulisha msafara?

Stanley aliambiwa na wafanyabiashara wa Unguja mwaka 1871 kwamba watu 100 wanahitaji doti 10 kwa siku kununulia chakula. Kwa safari ya siku 90 hiyo ni doti 900, yaani yadi 3,600, na nguo hizo nazo zinahitaji wapagazi, ambao nao wanakula. Hongo haijaingia hapo, wala mishahara, wala bidhaa za kununulia pembe. Ndiyo maana sehemu kubwa ya shehena iliyotoka Bagamoyo haikufika mwisho wa safari. Ilikuwa imeliwa njiani, kwa maana halisi, na ikabaki mikononi mwa wakulima wa Ukutu, Usagara, Ugogo na Unyamwezi.

Shanga zina umuhimu gani? Si mapambo tu?

Zilikuwa chenji. Nguo ya doti ni kubwa mno kununulia kuku au kibuyu cha asali, kwa hiyo manunuzi madogo yalifanywa kwa shanga. Nyingi zilitoka Venice. Aina zilihesabika kwa mamia, na hapo ndipo penye hatari, maana kila nchi ilikuwa na yake. Samesame, nyekundu, ilikuwa na thamani kubwa sehemu nyingi. Sofi, inayofanana na vipande vya kiko kilichovunjika, ilikubalika Msene, magharibi mwa Tabora, na katika soko la Ujiji, ambako ilitumika kama fedha kabisa. Sehemu nyingine ungeitoa bure na isichukuliwe.

Mitindo ilibadilika pia. Mzigo wa shanga zilizokuwa zikitafutwa wakati msafara unatoka Unguja ungeweza kufika baada ya mwaka na kukuta hazitakiwi tena. Mfanyabiashara mwenye busara aliwahoji waliorudi karibuni kutoka bara, mahali kwa mahali, kabla ya kununua hata ratili moja. Nyaya za shaba nyeupe, masango, hazikuwa na tabia hiyo. Zilishika thamani vizuri zaidi, hasa upande wa magharibi mwa Ziwa Tanganyika, lakini zilikuwa nzito na ziliumiza mabega.

Nani alitoa fedha za kuanzisha msafara?

Wafanyabiashara wa Kihindi wa Unguja, kwa sehemu kubwa. Tajiri wa Unguja alitoa nguo, shanga na bunduki kwa mkopo. Mwenye msafara aliahidi kurudisha pembe za thamani fulani baada ya mwaka mmoja, miwili au zaidi. Riba haikuandikwa waziwazi kila mara, ilifichwa kwenye bei: nguo ilihesabiwa juu ya bei ya sokoni, pembe ikahesabiwa chini yake. Mwenye msafara alibanwa pande zote mbili.

Sultani Said bin Sultan aliijenga Unguja kuwa lango la biashara hii. Mkataba na Marekani ulitiwa saini 1833, wa Uingereza 1839, wa Ufaransa 1844. Ushuru wa bidhaa zilizoingia ukawekwa asilimia 5. Forodha yenyewe ilikodishwa. Nyumba ya Jairam Shivji kutoka Kutch iliishika kwa miaka mingi, na baadaye Taria Topan. Mkodishaji alimlipa Sultani kiasi kilichokubaliwa, akabaki na ziada, na papo hapo alikuwa mkopeshaji wa wafanyabiashara na wa Sultani mwenyewe. Mtu anayekukopesha nguo ndiye anayekutoza ushuru wa pembe. Pembe zilitozwa viwango tofauti kulingana na nchi zilikotoka.

Hasara nayo ilishuka ngazi kwa ngazi. Msafara ukipotea, tajiri wa Unguja alikuwa na deni kitabuni na misafara mingine kumi njiani. Mwenye msafara hakuweza kurudi Pwani bila mali, kwa hiyo wengi walibaki Tabora, Ujiji au Manyema (magharibi mwa Ziwa Tanganyika) miaka na miaka, wakilima na kuoa huko, huku wakitafuta pembe za kulipia deni. Sehemu kubwa ya makazi ya watu wa Pwani huko bara yalikua hivyo.

Wapagazi walikuwa watumwa?

Wengi wao, hapana, na hili ndilo swali linalojibiwa vibaya kuliko yote. Uti wa mgongo wa njia ya kati ulikuwa Wanyamwezi waliofanya kazi kwa ujira, pamoja na "waungwana" wa Unguja na Mrima, jina walilojiita wapagazi wa Pwani. Baadhi ya waungwana hao walikuwa watumwa waliojikodisha na kumpa bwana sehemu ya mshahara. Katika miaka ya 1870 na 1880 mshahara wa kawaida wa mpagazi aliyeandikwa Unguja ulikuwa reale 5 kwa mwezi, na miezi kadhaa ililipwa kabla ya kuondoka. Mnyamwezi kwa kawaida alipatana kwa safari nzima na akalipwa kwa nguo.

Kazi ilikuwa na desturi zake. Mzigo ukizidi uzito uliozoeleka, mtu aliuweka chini. Posho ikichelewa, kambi nzima ilikaa. Waliobeba pembe walijiona juu ya wabeba mitumba, nao walifunga kengele ya ng'ombe kwenye ncha ya pembe. Pembe kubwa mno kwa mtu mmoja ilitundikwa kwenye mti, watu wawili wakaibeba. Wanawake walikuwemo pia. Walipika, walibeba vyombo, na wengine walifanya biashara yao ndogo.

Ujira huo ulienda wapi? Kwenye ng'ombe, majembe, bunduki na mahari. Wenye nacho walinunua hata watumwa wa kulima wakati wao wako safarini. Kijana wa Unyamwezi aliyekuwa hajafika Pwani alihesabiwa bado mtoto.

Hongo ilikuwa ushuru halali au unyang'anyi?

Ukisoma wasafiri wa Ulaya utadhani ni unyang'anyi mtupu. Tazama Ugogo yenyewe. Mvua ni chache, maji ya kiangazi yanapatikana kwenye visima vinavyochimbwa kwenye mchanga wa makorongo, na watu mia tano wakiingia kijijini kwa siku moja wanaweza kukausha kisima kinachonywesha ng'ombe wa mwezi mzima. Mgogo alikuwa anauza maji na nafaka ya akiba, na bei yake ilipanda mwaka wa njaa. Zaidi ya hapo, msafara ulilazimika kununua chakula Ugogo kabla ya kuingia Mgunda Mkali, na yeye alilijua hilo.

Malipo yalifanyika hivi. Msafara ulipiga kambi nje ya kijiji, ukatuma wajumbe. Mtemi alituma watu wake kuhesabu mizigo na kuuliza ni msafara wa nani. Dai la kwanza lilikuwa kubwa. Likajibiwa kwa dogo. Mazungumzo yalichukua siku mbili, tatu, wakati mwingine zaidi, huku msafara ukila posho. Kila siku ya ubishi ilikuwa na gharama yake, na mtemi mjanja alikuwa na subira kuliko mgeni. Yakiisha, ngoma ilipigwa na ruhusa ikatolewa. Misafara midogo ya Wanyamwezi ililipa kidogo, mara nyingi kwa majembe.

Ambaye alikataa na kupita usiku aliwaharibia waliomfuata.

Msafara ulipangwaje, hatua kwa hatua?

Wakati wa kuondoka ulitegemea unakotoka. Wanyamwezi waliteremka Pwani baada ya mavuno, mwanzo wa kiangazi, wakajitahidi kurudi kabla ya mvua za kupandia. Kwa hiyo wapagazi walipatikana kwa urahisi Bagamoyo katika miezi ya kiangazi na kwa shida sana katika masika. Aliyechelewa alikaa Bagamoyo miezi, akilipa kodi ya ghala na kulisha walinzi.

Wapagazi wakishapatikana, mizigo iligawanywa chini ya wanyapara, kila mnyapara na watu wake, kwa orodha. Kambi ya kwanza iliwekwa makusudi karibu sana na mji, saa moja au mbili tu, ili waliosahau kitu au waliotoroka na malipo ya kwanza wajulikane mapema. Baada ya hapo mwendo ulianza alfajiri, saa kumi na moja, na kuishia saa nne au saa tano asubuhi, kabla jua halijawa kali. Kirangozi, yaani kiongozi wa njia, alitangulia na bendera, hakuna aliyeruhusiwa kumpita. Pembe au nguo zilimfuata, kisha shanga na nyaya, kisha wagonjwa na familia. Mwenye msafara na walinzi walikuwa nyuma, kuwaokota waliochoka na kuzuia mizigo isiachwe vichakani.

Kabla ya Mgunda Mkali kila mtu aligawiwa chakula cha siku kadhaa kwa mkupuo. Watu 100 kwa siku 8 ni kilo 560, mizigo 17 au 18 ya ziada. Hakuna aliyekuwa na wapagazi 18 wasio na kazi, kwa hiyo kila mtu alibeba chakula chake juu ya frasila zake mbili. Hapo ndipo mizigo ilipoanza kuachwa njiani.

Ni wapi misafara iliharibikiwa, na kwa nini?

Mbuga ya Mkata wakati wa masika: maji na matope kwa siku nyingi, homa, nguo kulowa. Stanley alikwama humo Aprili 1871. Marenga Mkali na Mgunda Mkali wakati wa kiangazi: kiu.

Ndui ilikuwa mbaya zaidi ya vyote hivyo. Iliingia kambini, ikaacha watu kando ya njia, na vijiji vikafunga milango. Msafara wenye ndui haukuuziwa chakula, ukafa kwa njaa kabla ya ugonjwa kumaliza kazi. Njia zilezile zilileta funza: aliingia Angola 1872 kutoka ng'ambo ya Atlantiki, akavuka Kongo miguuni mwa wapagazi, akafika pwani yetu katika miaka ya 1890. Kuna vijiji vilivyopoteza nguvukazi ya msimu mzima kwa sababu watu hawakuweza kutembea.

Kisha utoro. Malipo ya kwanza yakiwa makubwa mno, mtu alitoroka karibu na Pwani. Yakiwa madogo mno, hakuja kabisa.

Biashara ya watumwa ilikuwa na nafasi gani katika njia hii?

Ilikuwepo, na ilikuwa ya kikatili. Ila njia kuu ya watumwa ilikuwa ya kusini, kutoka Ziwa Nyasa hadi Kilwa. Njia ya kati iliishi kwa pembe. Watumwa wa Manyema na wa kandokando ya Ziwa Tanganyika wengi waliishia mashambani Ujiji na Unyanyembe, wakilima chakula kilicholisha misafara. Wengine walifika Pwani, wakapelekwa mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba au mashamba ya nafaka ya Mrima. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa Juni 1873, na mwaka 1876 Sultani Barghash akapiga marufuku misafara ya watumwa kutoka bara. Usafirishaji wa siri uliendelea.

Simulizi kwamba kila pembe ilibebwa na mtumwa na wote wawili wakauzwa Pwani si sahihi kwa njia hii. Ilitokea, lakini pembe ilikuwa ghali mno kukabidhiwa mtu mwenye njaa aliyefungwa minyororo.

Bei ya pembe ilikwendaje?

Huko Unguja bei ilipanda karibu karne nzima, huku nguo za viwandani zikizidi kuwa nafuu. Pembe ya Afrika Mashariki ni laini, huchongeka bila kupasuka. India iliitaka kwa bangili za harusi, Ulaya na Marekani kwa vishikio vya visu, vitana, mipira ya biliadi na vibonyezo vya piano. Viwanda vya Deep River na Ivoryton, Connecticut, vilikula shehena kubwa ya Unguja. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilikata ugavi wa merikani, na nafasi yake ikachukuliwa na nguo za Uingereza na baadaye za Bombay. Jina la merikani likabaki hata kitambaa kilipotoka kwingine.

Bei nzuri ilimaliza ndovu. Karibu na katikati ya karne ndovu wa Unyamwezi walikuwa wamepungua sana, na misafara ikasogea ng'ambo ya ziwa hadi Manyema, ambako mmisionari David Livingstone alisimulia pembe zikitumika kama nguzo za nyumba. Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu Tippu Tip, alitajirika hapo. Kila hatua kuelekea magharibi iliongeza siku za posho, kwa hiyo faida ya pembe iliyonunuliwa kwa bei ya kutupa ililiwa na safari. Waliojibu tatizo hilo kwa bunduki badala ya nguo waliharibu nchi nzima kwa miaka ishirini.

Wenyeji wa njiani walinufaika?

Inategemea unamuuliza nani. Wakulima wa karibu na vituo walipata soko la uhakika la mtama, mahindi, mihogo, kuku na asali, na wengi wa wauzaji walikuwa wanawake. Mpunga, maembe na vitunguu vilienea Tabora na Ujiji kupitia walowezi wa Pwani. Wafua chuma waliendelea vizuri, kwa sababu jembe la kigeni halikuwa rahisi kulifikisha kwa bei ya kushindana na la Usumbwa. Wafumaji wa pamba wa Unyamwezi walishindwa na merikani. Wa Ufipa na bonde la Rukwa, walio mbali zaidi na Pwani, walidumu hadi mwanzo wa karne ya 20.

Upande mwingine, wanaume wengi kutokuwepo miezi sita kwa mwaka kulipandisha mzigo wa kazi kwa wake zao au kwa watumwa. Vijiji vilivyoporwa na misafara mikubwa yenye silaha vilihama mbali na njia, na mashamba yakarudi kuwa pori, ambako mbung'o walizaliana.

Watemi waliingiaje katika biashara?

Mnywa Sele wa Unyanyembe alijaribu kuwatoza ushuru wafanyabiashara wa Tabora. Wakamng'oa karibu na 1860 na kumweka Mkasiwa. Mirambo wa Urambo aliona mbali zaidi: akikalia njia ya Tabora kwenda Ujiji, hahitaji kuwa na pembe zake mwenyewe. Alipigana na Waarabu wa Tabora kuanzia 1871 hadi 1875, njia ikafungwa, na misafara, ukiwemo wa Stanley, ikalazimika kuzunguka kusini. Alipofariki Desemba 1884 dola yake haikuchukua muda kuvunjika, kwa kuwa ilitegemea rugaruga, askari wake, waliolipwa kwa mapato ya njia. Msiri, mtoto wa mfanyabiashara wa shaba kutoka upande wa Usumbwa, alijenga ufalme wake Bunkeya, Katanga, akauza shaba na pembe mashariki na magharibi hadi alipouawa Desemba 1891. Isike wa Unyanyembe alijilipua kwa baruti ngomeni mwake Januari 1893 badala ya kushikwa na Wajerumani.

Kwa nini njia ilikufa?

Pande zote mbili zilikatwa. Magharibi, Dola Huru ya Kongo iliwashinda wafanyabiashara wa Manyema kati ya 1892 na 1894, na reli ya Matadi hadi Léopoldville ilipokamilika 1898 pembe za Kongo zikatokea Atlantiki. Kaskazini, reli ya Mombasa ilifika Kisumu 1901 ikachukua biashara ya Buganda na ya mwambao wa ziwa. Mashariki, Wajerumani walihamishia makao yao Dar es Salaam mwaka 1891, na reli ya kati ikaanzia huko 1905: Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914. Behewa moja la tani 15 hubeba mizigo ya watu 470 hivi na halidai posho. Bagamoyo ilikauka ndani ya miaka michache.

Kilichobadilika kwa mkulima ni kwamba sasa karanga, mpunga na nta viliweza kusafiri. Kilichopotea ni ujira wa makumi ya maelfu ya wapagazi, wakati ambapo kodi ya kibanda, iliyoanza 1898, ilikuwa inadai fedha taslimu. Wengi wao waliishia kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na kwenye ujenzi wa reli yenyewe.

Nikitaka kuiona leo, niende wapi?

Tanzania iliiweka njia hii kwenye orodha ya awali ya UNESCO mwaka 2006, ikitaja vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Reli ya kati, na SGR (reli mpya ya kisasa) iliyofika Dodoma 2024, zinafuata mwelekeo uleule kwa sehemu kubwa, kwa hiyo treni hukuonyesha Ugogo na mapori yanayofuata vizuri kuliko gari. Kwihara iko kilomita chache nje ya Tabora mjini. Tembe alimokaa Livingstone limejengwa upya kama makumbusho. Ukienda Mpwapwa au Kilimatinde, nenda mwisho wa kiangazi, Septemba au Oktoba, makorongo yakiwa makavu, uone watu wanavyochimba mchanga kutafuta maji. Hesabu ya hongo utaielewa hapo hapo.